Malindi: Nimeuziwa gari lililooza likafunikwa rangi, na hakuna anayetaka kujibu

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nimeuziwa vani ambayo chasisi yake ilikuwa imeliwa na kutu, ikapakwa rangi nyeusi nzito ili mnunuzi asione, na leo aliyeniuzia ananiambia kwamba gari likishatoka getini pake halimhusu tena. Jina la yadi sitalitaja hapa, kwa kuwa nakusudia kulifikisha jambo hili mahakamani, na naomba wachangiaji nao wasilitaje. Hata hivyo, nimeambiwa na baadhi ya wenzangu kwamba malalamiko ya gari yaishie kwenye gari, nisiingize habari za mafuriko, wahamaji na watu wasio na makao. Nitaziingiza, kwa sababu gari hili lilinivunjikia nikiwa nimewabeba watu hao hao.

Mimi ni mchuuzi wa hapa Malindi. Nanunua samaki Ngomeni, nawasambaza hadi Garsen na Witu, na nikirudi napakia ndizi na maembe ya wakulima wa kandokando ya Mto Tana. Kazi hii haihitaji gari la fahari, inahitaji gari litakaloondoka alfajiri na kurudi jioni. Kabla ya kulipa nilikwenda na fundi wangu, mtu mzima anayeheshimika katika gereji zetu, akasikiliza injini, akajaribu giaboksi, akafungua kifuniko cha oili, akaliendesha gari hadi lilipopata joto vizuri. Injini haikuwa na neno, na hadi leo haina neno. Alipoinama kutazama chini, kote kulikuwa kweusi na kunang'aa. Muuzaji akasema, "Hapo tumelikinga na kutu, mzee wangu, hewa ya bahari unaijua mwenyewe." Maneno hayo yalitamkwa mbele ya mashahidi wawili, na nimeyaandika katika barua yangu ya madai.

Baada ya gari kuvutwa hadi Malindi, fundi alilipandisha kwa jeki, akachukua bisibisi ya kawaida, akaisukuma kwenye chasisi nyuma ya gurudumu la kushoto, pale springi inaposhikiliwa. Iliingia hadi kwenye mpini. Hakutumia nyundo, alisukuma kwa mkono tu. Ilipochomoka, yalianguka sakafuni magamba ya kutu, mengine mapana kama kiganja, pamoja na tope jekundu ambalo lilikuwa bado bichi. Ile rangi nyeusi ilibaki imesimama yenyewe pembeni mwa tundu, ngozi tupu isiyo na chuma ndani. Niliishika, ikapinda.

Naomba tuelewane kuhusu namna jambo hili linavyotokea, maana wengi watauziwa magari ya aina hii. Chasisi ya vani ni boriti ya chuma iliyo wazi ndani. Katika maeneo ya theluji ya Japani, kama vile Hokkaido na Tohoku, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na maji hayo ya chumvi huingia ndani ya boriti na kubaki huko. Kisha gari husafirishwa kwa meli, likafika kwetu ambako upepo wenyewe una chumvi, na mtu anayepita Gongoni na Marereni kila wiki hupita katikati ya mashamba ya chumvi. Kutu ya namna hiyo huanzia ndani na kutoka nje. Kupaka rangi juu yake ni sawa na kufunga bendeji kwenye kidonda ambacho hakijaoshwa: unyevu unafungiwa ndani, na chuma kinaendelea kuoza pasipo mtu kukiona.

Kwa hiyo ukienda yadi, usitosheke na weusi wa chini. Tazama kama boliti, mabomba ya breki na waya navyo vimepakwa rangi ileile, kwa sababu anayekinga gari kwa uaminifu huviziba vitu hivyo kwanza, ilhali anayeficha hupuliza kila kitu kwa pamoja. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo, ukisikiliza mahali ambapo sauti inabadilika na kuwa nzito. Ingiza kidole kwenye matundu ya kutolea maji. Dai pia karatasi ya mnada wa Japani, ambamo herufi S huonyesha kutu na herufi C huonyesha chuma kilicholiwa, na dai cheti cha kusafirishia gari ng'ambo, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa huko. Mimi niliziomba karatasi hizo nikaambiwa zimo njiani kutoka Mombasa. Hazijafika mpaka leo.

Kisheria, KS 1515, yaani kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, kinataka gari lililotumika liwe halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Lakini umri si afya. Gari la miaka 6 lililokaa kwenye theluji na chumvi linaweza kuwa bovu kuliko la miaka 12 lililotunzwa mahali pakavu, na mnunuzi wa Malindi hana namna ya kujua ikiwa atakayemuuzia ameamua kuficha. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haisemi kwamba wajibu wa muuzaji unaishia getini. Mnunuzi akieleza kazi anayotaka kuifanya, naye akategemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Nilieleza waziwazi kwamba nitapita barabara ya Garsen nikiwa na mzigo.

Sasa niseme lilivunjika wapi na lini. Ilikuwa katika masika ya 2024, kati ya Gamba na Minjila. Sikuwa na samaki siku ile. Maji ya Tana yalikuwa yameingia mashambani na vijijini, na pale Gamba nilikuta familia imesimama kando ya lami na vitu vyake: godoro lililoviringishwa ndani ya turubai, masufuria, kuku wawili waliofungwa miguu, na mvulana aliyeuweka mkoba wa shule kichwani ili vitabu visilowe. Walikuwa na jamaa zao Muyeye, hapa mjini. Niliwapakia. Hatukufika mbali kabla ya sehemu ya nyuma kuzama kwa kishindo na gari kulala upande, gurudumu likiwa limebana kwenye bodi. Mungu alitunusuru, kwa kuwa nilikuwa nakwenda polepole kwa ajili ya mashimo. Mama mwenye mtoto mgongoni alijigonga bega. Nilipokuwa nikiomba radhi, bibi yao aliniambia, "Usijisumbue, mwanangu. Sisi tumezoea kuhama." Walikaa kwenye tope mpaka jioni, wakichukuliwa kidogokidogo na malori yaliyokuwa na nafasi.

Ndiyo maana nakataa kauli ya yule muuzaji kwamba nimepata "hasara ya kawaida ya biashara". Chasisi ile ingekatika kwenye mwendo wa kasi, leo tungekuwa tunazungumza habari za misiba. Katika ukanda huu gari ndilo linalomtoa mjamzito kijijini, ndilo linalofikisha unga, na maji yakipanda ndilo linalookoa watu. Anayeuza gari lililooza kwa watu wa barabara hii anacheza na roho zao.

Na maji yenyewe hayaji tena kwa utaratibu waliouzoea wazee. Wapokomo wamelima kwa mafuriko ya Tana tangu zamani, wakipanda mpunga na ndizi kwenye udongo ulioachwa na mto, kwa hiyo mtu asije hapa kusema kwamba watu hawa walikosea kuishi kando ya mto. Kilichobadilika ni namna majanga yanavyofuatana bila kuwapa watu nafasi ya kupumua. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikatika kwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, mifugo ikafa kwa mamilioni, na wafugaji wakabaki na fimbo mkononi. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño pamoja na joto la Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi. Watafiti wa World Weather Attribution, kundi la kimataifa linalopima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika majanga, walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani lilizidisha mvua za miezi ile hadi mara mbili. Novemba hiyo daraja la Mbogolo, kwenye barabara ya Malindi kwenda Mombasa, lilisombwa, na kaskazini maji yakaifunika barabara ya Lamu pale Lango la Simba. Malindi ikabanwa katikati. Mabwawa ya juu ya Mto Tana, kuanzia Masinga, yanapojaa na kumwaga, wa chini hupata maji ambayo mvua yake hata hawakuiona. Mwishoni mwa Aprili 2024, Kona Punda kule Madogo, karibu na Garissa, mashua ilizama na watu waliokuwa wakivuka mahali ambapo kwa kawaida hupita magari.

Bara letu limechangia sehemu ndogo sana ya moshi ulioleta joto hili. Waliochoma mafuta kwa wingi ndio wanaotupelekea magari waliyoyachoka: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi. Siwalaumu peke yao, kwani wapo watu wetu hapa wanaokata kichujio cha moshi kwenye ekzosi na kukiuza, kisha wakamkabidhi mteja gari linalotoa sumu. Lakini mkulima wa Gamba hakuwahi kumiliki hata pikipiki, na shamba lake ndilo lililozama.

Familia ile ilikuwa inakwenda Muyeye, na wengine huishia Kisumu Ndogo na Maweni, chumba kimoja kwa watu wanane. Nasikia barazani watu wakisema kwamba wageni hawa wanapandisha kodi na kuleta wizi, na maneno hayo yananichoma. Wangapi kati yetu tunaosema hivyo tuna hati ya mahali tunapolala? Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwapa watu wa mwambao fursa ya kudai ardhi kwa maandishi, na Wamijikenda wengi, ambao hawakuarifiwa wala kusikilizwa, wakageuka kuwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Wenye mali wasiokaa hapa wakabaki na karatasi. Kule Magarini, malalamiko ya wakazi waliosema wamefurushwa kupisha mashamba ya chumvi yaliifanya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ifanye uchunguzi wa hadharani na kutoa taarifa mwaka 2006. Kwa hiyo aliyekimbia maji anapokelewa na mtu ambaye naye anaweza kuamshwa kesho na tingatinga. Kumwita wa kwanza mhamaji na wa pili mwenyeji ni kuwagombanisha watu wenye shida moja.

Kinachonikera zaidi ni kwamba fedha tunatoa. Tangu Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara umepanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, na anayepeleka samaki Witu anaulipa sawasawa na anayeendesha kwenye barabara za juu za Nairobi. Barabara ya Garsen hadi Lamu, kilomita 135, imetiwa lami, na tunashukuru, kwa sababu tunakumbuka ilivyokuwa. Lakini pale Lango la Simba lami inalala chini mno, na maji ya Tana yakipanda yanapita juu yake. Inahitaji kuinuliwa na kutiwa makalvati mapana, na kazi hiyo ifanywe wakati wa kiangazi, si wakati viongozi wanapigwa picha ndani ya mashua. Na familia zinazotolewa mabondeni zipewe viwanja vya mwinuko vyenye hati, si turubai la miezi mitatu kwenye uwanja wa shule, ambalo muhula ukianza huondolewa na watu wakarudi palepale kwenye tope.

Kuhusu yadi, nataka mambo mawili. Nataka nirudishiwe gharama ya kubadilisha chasisi na kuvuta gari, na nataka magari yaliyobaki pale yatolewe rangi hiyo nyeusi yakaguliwe upya mbele ya fundi asiye wao. Nimewapa barua, wamekataa kuisaini, nikaiacha mezani nikiwa na shahidi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Dai langu halifiki kiwango hicho, nami nimeshaanza kuandaa hati zake.

Kama nawe ulinunua gari Malindi au Watamu, na chini kwake kumepakwa weusi mpya, lipeleke likapandishwe jeki kabla ya masika. Ukikuta tundu, piga picha ikionyesha namba ya chasisi, tunza risiti na jumbe zote za muuzaji, na muombe fundi aandike alichokiona pamoja na tarehe. Aliye na ushahidi wa namna hiyo na yuko tayari kusimama mahakamani aseme hapa chini, bila kutaja jina la yadi, nami nitamjulisha siku ya kusikilizwa itakapopangwa.