Naombeni ushauri: mzee wangu ana Parkinson, programu ya dawa inamshinda

Mwana wa Bombo
Shikamooni wakubwa. Baba ana miaka 71, ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, anameza dawa yake, levodopa, mara nne kwa siku. Nimemtengenezea programu ya simu ya kumkumbusha dawa. Tulipoijaribu mchana alibonyeza vizuri, nikafurahi. Juzi saa kumi na mbili asubuhi kengele ikalia, kidole kikagonga “Nimemeza” mara tatu, zikaandikwa dozi tatu. Kuzima kengele ni kutelezesha kidole. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, mwisho akaifunika simu kwa kofia. Iliniuma sana. Nimekuza maandishi, bado. Nakosea wapi?

Sista wa Wodi
Marahaba mwanangu, mpe mzee pole. Mchana dawa ilikuwa imeshika. Alfajiri dozi ya jana imeshaisha mwilini, mikono imekakamaa, na ndiyo saa kengele yako inalia! Ijaribu saa hiyo hiyo. Tena usihangaike na kutetemeka peke yake: wengi mkono hutetemeka zaidi ukiwa umetulia. Kinachowakwamisha ni mwili kukakamaa na kuwa mzito kusogea. Kuamuru simu kwa sauti nako usikutegemee, sauti zao hufifia. Halafu nyama, maziwa na maharagwe huzuia levodopa isifyonzwe vizuri. Muulize daktari wake dawa itangulie chakula kwa muda gani, kengele ifuate hapo.

Fundi Arua
Toa kutelezesha kabisa. Kitufe kimoja, upana sentimita 1.5 hivi, mbali na ukingo wa kioo. Kikubali kidole kinapoinuka, si kinapogusa, ili akikosea aweze kukiburuta nje. Mguso wa pili ndani ya sekunde moja, upuuze. Na simu ilale mezani, asiishike.

Binti Busia
Marehemu mama yangu alikuwa na simu ya tochi tu. Nilikuwa nampigia: “Mama, umemeza?” Kwa hiyo kengele isipojibiwa kwa dakika kumi na tano, wewe upate ujumbe. Ila mwombe ruhusa kwanza. Wazee hawapendi kuchungwa kimyakimya, na wana haki.

Mwana wa Bombo
Asanteni mno. Kesho alfajiri nitakaa naye kabla kengele haijalia. Fundi, na sehemu ya “Nimekosea”, ya kufuta dozi iliyoandikwa kimakosa, niiweke wapi?

Fundi Arua
Juu, mbali na kitufe kikubwa. Na ibaki hapo mpaka dozi inayofuata. Ukiifuta baada ya sekunde tano, hataiwahi.