Tupeane uzoefu: ngitili ya kwenu, nani anaruhusiwa kuingia?

Wadau, salaam. Nimerudi nyumbani Meatu nikakuta ugomvi. Kaka anataka kulima pamba kwenye ngitili ya mzee. Bibi anauliza ng'ombe watakula nini ikifika Septemba. Na nusu ya kijiji hukatiza humo kwenda lamboni.

Kwa wasioijua, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, yanafunguliwa kiangazi nyasi zikishaisha kwingine. Usukumani miti ilifyekwa sana enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o, pamba ikaja kumalizia. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 ndipo wazee wakaanza kutenga tena. Kwenu mlielewana vipi? Simulieni yaliyowakuta, ya semina tumeshayasikia.

Mchunga Ndama
Ya kwetu Maswa ilikuwa ya kijiji, walinzi sungusungu. Mwaka wa kwanza tulifunga kabisa, hata kuni hakuna. Akina mama wakawa wanaingia usiku. Sasa utamkamata nani, mama yako? Dagashida, baraza letu la jadi, ikakaa: njia ya lamboni ibaki wazi, kuni kavu ziokotwe Jumamosi bila panga, anayetaka dawa aage kwa mzee. Mifugo ikikutwa ndani kabla ya kufunguliwa, faini.

Mimi nimelipa, na baba yangu alikuwa mlinzi! Nilisinzia chini ya mgunga, ndama saba wakajipeleka. Nilidhani mzee atanitetea. Akaenda zizini mwenyewe kuchagua mbuzi wa faini, akamchukua yule niliyempenda.

Jirani wa Mpakani
Mie sina hata mbuzi, nina shamba tu. Miti imerudi, na ngedere nao wamerudi, na mahindi yangu ndiyo wanayoanza nayo. Sikatai, uyoga na asali nafaidi. Ila wanaoisifia hiyo miti sijawahi kuwaona wakija kuamia shamba. Siku hizi mpakani napanda pamba, mahindi nimeyasogeza karibu na nyumba. Dada, mwambie kaka yako pamba ina mahali pake.

Mrangi
Nyie angalau mliitwa kikaoni. Kondoa, mwaka 1979, chini ya HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Babu alipeleka ng'ombe wake kwa shemeji mbali huko. Ni kweli majani yaliota kwenye makorongo, nimeyaona. Baadaye ikaruhusiwa kufugia bandani, ukate majani uwapelekee. Babu hakufuga tena. Jioni alikuwa anawataja wale wa zamani kwa majina, mmoja mmoja.

Mleta mada
Mchunga Ndama, pole ya mbuzi, nimecheka peke yangu. Nimewasomea kaka na bibi wote wawili. Kaka ameshuka, anaomba ekari mbili za ukingoni. Bibi anasema moja, na njia ya lamboni isiguswe. Tunakaa tena leo baada ya kukamua.