Mtoto haruhusiwi ngano, nataka kumtengenezea vitu vya chokoleti nyumbani (niko Mtwara)

mama_shangani

Habari zenu wapendwa, poleni na joto. Mi niko Mtwara mjini, nina binti wa miaka saba, tumehangaika nae karibu mwaka mzima, tumbo linauma, anaharisha, damu iko chini, uzito haupandi, dawa za minyoo kanywa mpaka basi. Mwisho tukampeleka Dar wakampima wakasema ana seliaki, yaani mwili wake haupatani na gluteni, ile iliyomo kwenye ngano na shayiri. Kwahiyo chapati, maandazi, mkate, tambi, biskuti vyote basi, maisha. Ugali anakula, wali anakula, muhogo ndo usiseme, huko nishazoea. Kinachoniumiza ni vitu vitamu. Huyu mtoto na chokoleti ni pete na kidole, na mwezi ujao anatimiza miaka minane, wenzie wa mtaani watakuja, sitaki akae kwenye kona na embe lake anawaangalia wenzie wanakata keki.

Shemeji nilimwagiza ule unga maalumu kutoka Dar, bei yake acha tu nisiwatie presha, pakiti moja tungekula wali wiki nzima, af keki ikatoka kama tofali, tena lile tofali la kupukutika. Oveni sina. Nina gesi ya plate mbili, jiko la mkaa na blenda. Je kuna namna natumia vitu vya hapahapa? Na hii kakao ya dukani ni salama kwake?

Bi_Mkubwa_Mikindani

Pole mwanangu, na mpe pole mjukuu wangu. Mi hizo gluteni sizijui kwa jina lakini nikikusoma naona unatafuta maji na umesimama baharini. Mkate wa kumimina una ngano wapi? Ni mchele na tui. Sisi tumekula toka utotoni, Idi haipiti bila huo, sasa wewe umeagiza unga Dar!

Chukua mchele vikombe viwili, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi chuja maji, saga kwa blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, hiliki. Saga mpaka ukipima kwa vidole usisikie chenga, hapa usiwe mvivu, blenda ikipata moto izime ipumzike uendelee. Kakao weka vijiko vitatu vya chakula, ila usiitupie kavu, ikoroge pembeni kwanza na tui la moto kidogo ilainike iwe kama uji ndo umimine humo, la sivyo itakuachia madonge. Na kakao inakunywa maji kwahiyo ukiona umekua mzito ongeza tui. Funika uumuke, kwa joto letu hili saa moja inatosha, ukisahau utakuta umehamia mezani.

Sufuria ipake mafuta iwe ya moto ndo umimine, moto mdogo kabisa chini. Ukishaona matundu juu na umekauka pembeni, funika na mfuniko wa bati upalie mkaa juu. Chini mkaa kidogo, juu ndo mwingi. Watu wanakosea hapo, wanaweka moto mkali chini, mkate unaungua tako na juu bado uji.

mbanguaji_newala

Dada hapo juu Bi Mkubwa kamaliza, mi naongezea upande wa korosho maana tunaishi juu ya dhahabu na hatujui. Korosho ukizisaga zinakua unga, na huo unga unaoka keki nzito ile ya chokoleti ya kukata vipande vya mraba, haihitaji ngano hata chembe. Usinunue korosho nzima nzima za wageni, tafuta zile vipande, zilizovunjika wakati wa kubangua, bei yake inashuka sana na utamu ni uleule, si unaenda kuzisaga bana.

Vipimo vyangu: korosho iliyosagwa vikombe viwili, kakao nusu kikombe, sukari robo tatu kikombe, mayai matatu, siagi au mafuta ya nazi nusu kikombe, chumvi ya kubana na vidole. Piga mayai na sukari mpaka yatoe povu jeupe, changanya vyote, mimina kwenye chombo cha bati isizidi kina cha vidole viwili. Huna oveni, chukua sufuria kubwa weka mchanga mkavu chini, ipashe dakika kumi, tumbukiza chombo chako, funika, moto mdogo, nusu saa hivi anza kuchungulia. Ikibaki na unyevu kidogo katikati ndo yenyewe, iache ipoe KABISA ndo ukate. Ukikata ya moto itavunjika uniletee lawama.

Angalizo moja: korosho ziwe zimeshabanguliwa. Msije mkanunua ghafi mkaanza kugonga na mawe ndani, ule utomvu wa ganda unababua ngozi, mi mikono yangu ni shahidi toka nikiwa mdogo.

jembe_halisi

Nyie wamama mnadekeza watoto. Sisi tumekula maandazi na chai ya rangi miaka yote mbona hatujafa? Haya magonjwa ya kizungu mnayaokota kwenye simu. Mpe mkate kidogo kidogo mwili utazoea.

nesi_kusini

@jembe_halisi kaka kwa heshima zote usimdanganye mama wa watu. Huyu mtoto akila ngano kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia utumbo mdogo, vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala, ndo maana damu ilikua chini na uzito haupandi hata akila sufuria zima. Kidogo kidogo ndo kunaendelea kuumiza, hakuna kuzoea. Na sio wa wazungu peke yao, moja ya jamii zinazotajwa kuugua sana duniani ni Wasaharawi wa Sahara Magharibi, hukohuko Afrika. Hata ilivyojulikana ni kisa cha njaa. Uholanzi vita vya pili vya dunia vikielekea mwisho, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, mkate ukaadimika kabisa, daktari mmoja wa watoto anaitwa Willem Dicke akaona wagonjwa wake wa tumbo wanapata nafuu wakati kila mtu ana njaa, ngano iliporudi na wao wakarudi kuumwa.

Mama Shangani, kakao yenyewe tupu ni salama, ni mbegu ya tunda tu, hata huku kwetu inalimwa Kyela. Shida ni zile za kunywa zilizochanganywa. Milo na Ovaltine zina kimea cha shayiri, usimpe. Chokoleti za pakiti nazo soma nyuma, zenye biskuti au vitu vya kukwaruza meno ndani nyingi zina ngano au kimea cha shayiri. Beking pauda nazo soma, zipo zinazotiwa wanga wa ngano. Pakiti ikiandikwa haina gluteni, kipimo cha kimataifa ni isizidi miligramu 20 kwa kilo moja, sasa fikiria udogo wake, vumbi tu la ngano kwenye chungio linaharibu kila kitu.

Ambacho watu wengi hawakiangalii ni mashine ya kusaga. Ukipeleka mchele wako au ulezi kwenye mashine ambayo aliyekutangulia kasaga unga wa lishe, mule watu wanatia ngano, soya, karanga, kila kitu, basi wako unatoka umeshachanganyika. Ndo maana ile njia ya Bi Mkubwa ya kusaga kwa blenda nyumbani naipenda. Na chungio, mwiko wa mbao, ubao wa chapati, mtoto awe na vyake. Mafuta yaliyokaangia maandazi usimkaangie chochote.

kipepeo82

Samahani naingilia, na mi nikila chapati tumbo linajaa gesi mpaka naonekana mjamzito, kwahiyo niache ngano nione?

nesi_kusini

@kipepeo82 usiache kwanza dada, nenda ukapime ukiwa bado unakula. Kile kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupigana na gluteni, ukishaacha miezi wanapungua, majibu yanakuja safi na kumbe unao. Na gesi ina sababu mia, inaweza ikawa hata yale maharage.

lindi_vitamu

Mi nafanya biashara ya vitu vitamu hapa Lindi, niseme kuhusu chokoleti yenyewe maana naona wote mmeongelea keki. Dada ukitaka kuyeyusha chokoleti usiweke sufuria moja kwa moja kwenye moto. Chemsha maji kidogo, weka bakuli juu lisiguse maji, koroga taratibu kwa mvuke. Na likidondokea tone la maji humo imekula kwako, inagoma, inakua chengachenga kama udongo. Usimwage lakini, tia tui la moto kijiko kijiko huku unakoroga itarudi kuwa rojo, utamwagia juu ya keki.

Ila nikushauri kitu kingine, usihangaike kuzungushia chokoleti ngumu nje. Kwa joto la kwetu, saa saba mchana, umeme ukakatika, watoto kumi wanacheza uani, ndani ya dakika tano wote wamepakaa mpaka kwenye nywele. Nilishaharibu oda ya watu hivyo, bodaboda aliifikisha ikiwa supu. Sasa hivi nafanya vya kuviringisha: tende kikombe toa kokwe, korosho zilizokaangwa vikombe viwili, kakao vijiko vitatu, chumvi kidogo, saga, viringisha vidonge vya saizi ya ndimu ndogo, zungushia kakao au nazi iliyokunwa ikakaushwa kwenye kikaango. Haviyeyuki, havitaki moto, na tende zenyewe zina sukari yake.

Ukitaka biskuti ule ulezi unafaa kuliko mchele, rangi yake na kakao hata mtu hajui. Mchele peke yake unapukutika, muhogo peke yake unavutika kama gundi. Mi nachanganya viwili vya mchele kwa kimoja cha muhogo, natia yai na ndizi mbivu ya kuponda ishike, naacha mchanganyiko ukae nusu saa unywe maji ndo naoka. Nadhani hilo tofali lako ndo lilikosa hapo, uliharakisha.

Af waulize wazazi wa hao watoto kabla, kuna wanaodhurika na korosho na karanga, usije ukaokoa mmoja ukaangusha mwingine.

mama_shangani

Nimerudi jamani. Kwanza asanteni, @jembe_halisi na wewe asante umenichekesha.

Jumamosi nilianza na korosho. Nikasaga, nikaona bado chenga, nikaacha blenda inaunguruma nikaenda kupokea simu ya dada, kurudi nakuta sio unga tena, ni siagi, imeng'ang'ania kwenye visu. Nikakaa chini nataka kulia. Mama mkwe akaja akaangalia akasema leta hapa, akachemsha sukari na tui mpaka likawa zito la kuvutika, akatia hiyo siagi ya korosho na kakao, akakoroga mpaka likaachana na sufuria, akamwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta, akakata. Kashata! Kashata ya chokoleti, jamani hamjala. Binti kaficha vipande vinne chini ya mto, nimejua kwa sababu ya sisimizi.

Mkate wa kumimina mara ya kwanza ulibaki na utelezi katikati, mara ya pili nikapunguza moto wa chini nikapalia juu kama Bi Mkubwa alivyosema, umeumuka una matundu mazuri. Kwahiyo keki ya sherehe itakua hiyo, miwili nabebanisha na rojo la chokoleti katikati.

mbanguaji_newala

Kosa langu sikusema. Korosho ziweke kwenye friza nusu saa kabla, zikiwa baridi hazitoi mafuta haraka, af blenda unabonyeza unaachia, unabonyeza unaachia, vikombe viwili usitie kwa pamoja. Na usipokee simu.

mama_shangani

😂😂 nimekusikia kaka. Swali la mwisho, anataka na vitumbua vya kakao. Kikaango changu cha vitumbua nakitumia miaka kwa mchanganyiko wa mchele na ngano, nikikisugua sana kwa mchanga si kitakua sawa?

nesi_kusini

Hapana dada, vile vishimo vya chuma vina vinyweleo, vinashika. Nunua kipya kidogo cha mashimo saba, kifunge utepe mwekundu, aliyeshika maandazi asikiguse.

Bi_Mkubwa_Mikindani

Na kipya usikitumie hivohivo mwanangu. Kipake mafuta ya nazi kila shimo, kiweke motoni mpaka kitoe moshi, kipoe, rudia mara tatu. Vitumbua vya kwanza vitaganda tu hata ufanye nini, vile wape kuku.