Mama anakuja Julai: Half Moon Bay, Santa Cruz au Monterey?

BintiPangani: Ndugu zangu, salaam. Mama yangu anafika California kutoka Tanga mwezi Julai, na ameomba jambo moja tu, kuiona Bahari ya Pasifiki. Nimeonywa kwamba ukungu wa pwani hii hautabiriki. Kati ya sehemu hizo tatu, wenye uzoefu mngechagua ipi?

KusiMwanana: Dada, umeacha mambo ambayo bila hayo hatuwezi kukushauri. Mnaondokea mji gani, mna gari, mama ana umri gani, na mnakwenda kuogelea au kutazama tu?

BintiPangani: Niwie radhi. Tunaishi Sacramento na gari tunalo. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Watoto wangu wawili ndio wanaotaka kuogelea.

KusiMwanana: Basi ni Santa Cruz. Mji huo uko upande wa kaskazini wa Ghuba ya Monterey, ufuo wake unatazama kusini na milima inaukinga na upepo wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo mara nyingi ukungu hutoweka kabla ya adhuhuri. Half Moon Bay iko wazi kwa bahari kuu, na ukungu ukitanda huko unaweza kushinda mchana kutwa.

MzeeWaChumbageni: Mwanangu, sikiliza yaliyotupata. Mwezi Agosti, miaka miwili iliyopita, tuliondoka Sacramento joto likiwa nyuzi 39, tumevaa nguo nyepesi, tukaenda Ocean Beach pale San Francisco. Tulipoegesha gari tulisikia mawimbi lakini maji hatukuyaona. Mke wangu alitetemeka hadi nikamfunika kwa mkeka tuliokuja nao. Mpwa wangu wa miaka 9 alikimbilia mbele, na baada ya hatua chache akapotea machoni petu. Tulimwita kwa muda ambao sitausahau, kisha akajibu kutoka upande ambao hatukuutarajia, amelowa hadi kiunoni, kwa sababu wimbi lilimfikia mahali alipodhani ni pakavu. Mikondo ya ufuo ule huvuta watu kila mwaka. Popote mtakapokwenda, ukungu ukiwa mzito, watoto washikwe mkono.

BintiPangani: Shikamoo baba, na poleni sana. Nitalizingatia.

Tanga_Davis: Chagueni siku ambayo Sacramento haina joto kali, kwa kuwa joto la bonde hili la Sacramento ndilo linalouvuta ukungu kutoka baharini.

Mwanamaji: Hapo sikubaliani nawe, ndugu. Chanzo ni maji yenyewe. Upepo wa kiangazi husukuma maji ya juu mbali na pwani, maji baridi ya kilindini yanapanda, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu.

Tanga_Davis: Hilo silikatai, lakini ukungu huo ungebaki baharini kama hewa ya moto ya bondeni isingepanda na kuuvuta kupitia Golden Gate, ule mlango wa bahari wa San Francisco. Ndiyo maana Septemba na Oktoba pwani huwa angavu zaidi.

BintiPangani: Mama anarudi nyumbani mwisho wa Agosti, kwa hiyo Septemba haiwezekani.

UmmuSalim: Nendeni Monterey. Lile jumba la viumbe wa baharini lililofunguliwa mwaka 1984 lipo ukingoni mwa maji kabisa, hivyo ukungu usipoondoka mama atakaa ndani bila kuchosha magoti, na ukiondoka mtatoka nje.

KusiMwanana: Dada UmmuSalim, watoto wanataka kuogelea, na maji ya Monterey ni baridi mno.

UmmuSalim: Kaka, ya Santa Cruz nayo ni baridi. Aliyezoea maji ya Tanga hatahisi tofauti kubwa kati ya nyuzi 14 na 16.

BintiPangani: Nimeacha siku mbili wazi, na nitaamua baada ya kutazama kamera za ufukweni asubuhi hiyo. Linalonitia wasiwasi sasa ni barabara ya 17 ya kwenda Santa Cruz, kwa sababu mama hutapika kwenye kona. Je, kuna njia nyingine?

Mwanamaji: Ipo ile ya 152 kupitia Watsonville, ila nayo ina kona nyingi mlimani.

UmmuSalim: Kwenda Monterey mnashika 101 kisha 156, na kona za namna hiyo hakuna.

KusiMwanana: Mama akae kiti cha mbele na mwende polepole. Bado nasema Santa Cruz.