Kufungua visomaji vya zamani: Kindle, Kobo au Nook?

Mwalimu_Fizikia (mwanzisha mada)
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Shemeji yangu amerudi kutoka Kanada na kuniletea visomaji vitatu vya vitabu vya kidijitali vilivyokuwa vimelala kabatini mwake: Kindle Paperwhite ya 2015, Kobo Glo ya 2012 na Nook Simple Touch ya 2011. Vyote vinawaka na betri zake bado zinashika chaji. Ninataka nichague kimoja nikitoe kabisa mikononi mwa kiwanda, nikiwekee PDF za kufundishia nilizoskani pamoja na vitabu vyangu vya EPUB (muundo wa faili za vitabu vya kidijitali), kisiulize akaunti wala kujisasisha bila idhini yangu. Miaka michache iliyopita duka moja la vitabu vya kidijitali lilifunga akaunti yangu, na vitabu nilivyovilipia vikaenda nayo. Sitaki yanikute tena. Nianze na kipi?

Fundi_Bisibisi
Anza na Kobo, Mwalimu, kwa sababu ndiyo isiyokulazimisha kupigana nayo. Ndani yake kuna Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na haihitaji kuvunjwa kufuli lolote. Ukiiunganisha na kompyuta utaona folda iliyofichwa iitwayo .kobo, unaweka humo faili la KoboRoot.tgz, unachomoa kebo, na kifaa chenyewe kinalifungua na kujiwasha upya. Kwa njia hiyo unaingiza NickelMenu, inayoongeza menyu ya kufungulia programu nyingine, kisha KOReader, ambayo ni programu huria ya kusomea. Suala la akaunti nalo lina dawa: katika faili la mipangilio liitwalo Kobo eReader.conf, chini ya kichwa cha ApplicationPreferences, ongeza mstari SideloadedMode=true, na duka litaondoka kwenye ukurasa wa mwanzo. Programu ya awali inabaki palepale, kwa hiyo ukijutia unarudi nyuma bila hasara.

Bint_Maktaba
Ninaafikiana na Fundi kuhusu wepesi wa Kobo, ila naomba tusiidharau Kindle, kwa kuwa kioo chake kina nukta 300 kwa inchi, na kwa mtu anayesoma PDF zenye fomula na herufi ndogo hilo si jambo dogo. Tatizo lake ni kampuni inayoitengeneza, Amazon. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja, na ingawa iliomba radhi, watu walikwisha kuona kwamba mkono wake unafika hadi ndani ya kifaa. Tarehe 26 Februari 2025 ikaondoa pia njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa kebo.

Njia ya kuifungua ipo. WinterBreak, programu ya kuvunja kufuli la Kindle, ilitolewa siku ya mwaka mpya wa 2025, nayo hufanya kazi kwenye matoleo ya programu yaliyo chini ya 5.18.1. Kwa hiyo kabla ya kuwasha Wi-Fi angalia toleo ulilo nalo kwenye mipangilio. Kazi yenyewe hupitia ukurasa wa duka, maana yake lazima kifaa kiwe kimesajiliwa na kiingie mtandaoni kwa muda mfupi, jambo ambalo kwako, Mwalimu, naona litakukera. Ukimaliza, zima masasisho kwanza kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kisha ukiache kwenye hali ya ndege.

Mzee_wa_Kadi
Nook nimekuwa nayo. Uzuri wake ni kwamba hutazama kadi ya microSD kabla ya kumbukumbu yake ya ndani, hivyo unaandaa kadi, unaichomeka, unawasha, na hapo umekwisha kuifungua. Lakini inatumia Android 2.1, na programu nyingi za sasa haziikubali. Haina taa. Iwekee riwaya, umpe mtoto anayesoma mchana.

Kuhusu Kobo Glo, Fundi ameacha jambo moja ninalolithamini kuliko yote: hifadhi yake ya ndani ni kadi ya microSD ya kawaida. Ukiubandua mgongo taratibu kwa kipande cha plastiki (bisibisi ya chuma itakwaruza) utaiona. Kadi ikichoka, unaweka nyingine. Hata hivyo usinakili mafaili peke yake, kwa sababu sehemu ya kuwashia kifaa hukaa mwanzoni mwa kadi, nje ya vigawanyo (sehemu za kadi) unavyoviona kwenye kompyuta. Nakili kadi nzima, mwanzo hadi mwisho, na nakala hiyo uihifadhi kabla hujafanya lolote.

Bint_Maktaba
Niongeze tahadhari moja, Mwalimu. KOReader haifungui vitabu vyenye kufuli la kidijitali, lile ambalo muuzaji huweka ili kitabu kisinakiliwe. Vitabu ulivyonunua kwa kufuli vitaendelea kusomeka kwenye programu ya awali tu, kwa hiyo kabla ya kuiondoa akaunti yoyote hakikisha unajua kipi kina kufuli na kipi hakina.

Mwalimu_Fizikia
Nawashukuru sana, Mzee, Fundi na dada Bint. Nimefuata Kobo. Jana usiku nilinakili kadi nzima kwanza kama Mzee alivyoelekeza, kisha nikaweka KoboRoot.tgz, na baada ya kifaa kujiwasha upya menyu mpya ilikuwa imetokea chini ya kioo. Nimefungua kitini changu cha mawimbi kwenye KOReader na kukata kingo nyeupe za ukurasa, na herufi ambazo zilikuwa kama mbegu za mchicha sasa zinasomeka bila miwani. Michoro ya mawimbi bado inafifia kidogo. Nimeongeza ukolezaji wa wino na ikaonekana vizuri zaidi. Kindle nimeiangalia: toleo lake liko chini ya 5.18.1. Nimeiacha bila Wi-Fi hadi Jumamosi, nitakapokuwa na muda wa kutulia nayo.

Fundi_Bisibisi
Ichaji ijae kabla ya kuanza, Mwalimu. Betri ya zamani ikizima katikati ya kazi hiyo ndipo watu wanapopoteza kifaa.