Bodi wamelipa ada yote ila chuo kinataka 340,400 ndo wamsajili dogo, hii imekaaje?

Kijana wa Iramba
Wakuu habari za mchana. Dogo wangu kachaguliwa chuo kimoja huko Dar, bodi ya mikopo wamempa ada yote, home tukashangilia tukajua shughuli imeisha, bi mkubwa ni mwalimu wa msingi akauza alizeti akampa nauli, godoro na laki moja ya kuanzia maisha. Jumatatu dogo kafika dirishani, yule dada kaangalia kompyuta yake kamrudishia fomu na kikaratasi kimebanwa kwa pini: bima 50,400, TCU (tume ya vyuo vikuu) 20,000, kitambulisho 10,000, serikali ya wanafunzi 15,000, caution money 50,000, mitihani 60,000, maendeleo ya chuo 100,000, tisheti 35,000. Hajalipa hasajiliwi. Na boom, yaani hela ya kujikimu ya bodi, nalo haliingii mpaka asajiliwe asaini. Sasa hela ya kulipia iko kwenye boom na boom liko nyuma ya hiyo hela, mnanielewa? Saa hizi anabebwa na mshkaji wa kwetu kitanda kimoja futi mbili na nusu, wanalala mzungu wa nne.

Chapati Maji
Karibu mjini 😂 ile joining, maelekezo ya kujiunga, mlisoma au mliishia kwenye pongezi?

Kijana wa Iramba
Mkuu tumesoma, jedwali liko huko ukurasa wa 11 wameandika "michango mingine", sisi tukajua bodi wanabeba vyote.

Mhasibu Mstaafu
Kijana, bodi wanalipa ada, chakula na malazi (10,000 kwa siku), vitabu, field (mafunzo kwa vitendo) na mahitaji maalumu ya kitivo. Michango ya chuo haimo na haijawahi kuwemo, wazazi wengi wanaumia hapo kila mwaka. Nimekaa dirisha kama hilo miaka mingi nikwambie ukweli, vyote hivyo havifanani. Ile 20,000 ya TCU kila mwanafunzi wa digrii analipa kila mwaka, usipoteze muda kubishana. Caution money ni amana, akimaliza bila kuvunja kitu anarudishiwa, ila wanaokumbuka kuidai unawahesabu kwa vidole, atunze risiti. Hiyo laki ya maendeleo kama iko kwenye joining hamna ujanja ila aandike barua kwa mlezi wa wanafunzi aombe kulipa kwa awamu, aambatanishe karatasi ya mkopo. Aende mwenyewe na asiende saa sita mchana watu wana njaa.

Mama Wawili Moro
Mwanangu mbona hiyo bima mnataka kuilipa na mama yako ni mwalimu? Si ana bima ya NHIF? Dogo kama yumo kwenye kadi ya mama na kadi bado hai apeleke kopi, wa kwangu hawakumlipisha. Wa kwanza nililipa kwa ujinga, mtoto akawa na bima mbili na hata mafua hakuugua mwaka mzima.

Chapati Maji
Na hiyo tisheti 35,000 ni ya hariri au? Control number, ile namba rasmi ya malipo, ipo?

Kijana wa Iramba
Ngoja nimuulize.

Amesema vingine vyote vina control number, tisheti ni namba ya simu ya mtu.

Mhasibu Mstaafu
Hiyo asilipe. Hela ya chuo inapita kwenye control number, ya mfukoni kwa mtu haina risiti na hakuna mfumo utakaomzuia kusajiliwa kwa ajili ya tisheti.

Chapati Maji
Nilijua tu. Mwaka wangu ilikuwa "kofia ya wageni", 12,000, kofia yenyewe sijaiona mpaka leo.

Kijana wa Iramba
Mrejesho wakuu. Kadi ya mama imekubaliwa, 50,400 imefutwa, bi mkubwa kacheka kwenye simu kwa mara ya kwanza wiki hii. Tisheti kaachana nayo, jamaa kampigia mara mbili kisha kakaa kimya. Imebaki 255,000, barua kapeleka wamemwambia arudi Alhamisi. @Mama Wawili ubarikiwe sana. Kuna mtu anajua wakikubali awamu wanataka nusu kwanza au hata robo inatosha? Maana hapa nina 80 tu na mshkaji kaanza kuulizia kitanda chake.