Mstaafu natafuta kazi ya kujitolea yenye watu na inayofikirisha (Dar)

Mzee wa Leja
Wakuu, salaam. Nimestaafu uhasibu, naishi Kimara. Nina nafasi asubuhi za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Natafuta kazi ya kujitolea yenye mambo mawili kwa pamoja: niwe na watu wale wale ninaozoeana nao, na kichwa kifanye kazi. Posho sihitaji, ila safari isizidi daladala mbili. Sitaki kuwekwa mapokezi, wala kualikwa kutoa nasaha siku ya mahafali kisha basi. Laptop ninayo, Excel naijua vizuri. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?

Fundi Ramani
Shikamoo mzee wangu. Fikiria uchoraji wa ramani kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuihariri. Dar si ngeni kwenye jambo hili: Tandale ilichorwa na wakazi na wanafunzi mwaka 2011, na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ukapeleka wanafunzi wa vyuo mitaani kuchora nyumba, njia na mifereji kwenye kata zinazofurika.

Kazi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mezani. Fungua akaunti openstreetmap.org, ingia nayo kwenye tasks.hotosm.org, tovuti inayogawa kazi za kuchora, chagua mradi wa ngazi ya chini. Utapewa kipande kimoja cha picha ya satelaiti, na kwa kawaida kinafungwa kwa jina lako kwa saa 2 ili mwingine asikiguse. Unachora nyumba kwa kubonyeza kila kona, kisha unabonyeza herufi Q kunyoosha pembe ziwe mraba. Hifadhi kila baada ya nyumba chache, maana umeme ukikatika kazi yote inaweza kupotea.

Makosa ya wanaoanza yanajirudia. Wanachora paa badala ya msingi. Satelaiti mara nyingi hupiga picha kwa kuegemea upande, kwa hiyo kwenye ghorofa chora paa, halafu sogeza umbo lote mpaka lilale pale ukuta unapogusa ardhi. Wanaunganisha nyumba nne za bati zilizobanana kuwa moja, na hesabu ya kaya inaharibika hapo hapo. Wanaacha barabara mbili zikipishana bila nukta ya pamoja. Kwa jicho zimeungana, lakini programu ya kutafuta njia inaona haziungani na inamzungusha dereva. Na kamwe usinakili majina kutoka Google Maps. Ni mali yenye hakimiliki, kazi yako itafutwa.

Sehemu ya pili ni ya mtaani, na hapo ndipo watu wapo. Picha haionyeshi jina la mtaa, wala kwamba mfereji umezibwa na ukuta wa mtu. Mnatembea wawili au watatu pamoja na mjumbe, mmoja ameshika simu yenye programu ya kuhariri ramani, StreetComplete au Vespucci, mwingine anauliza wakazi. Kwa mfereji mnapima upana, kina, na kama ni wa zege au udongo mtupu. Tafuta kundi linalokutana siku moja maalumu. Ukichora peke yako nyumbani utapata nusu tu ya unachotaka.

Mama Sanduku
Shikamoo baba. Mwenzangu hapo juu amesema vizuri, ila mhasibu kumpeleka kuchora paa wakati vikundi vya kuweka na kukopa vinavunjika kwa sababu ya hesabu, naona tunapoteza hazina.

Kikundi cha hisa kwa kawaida kina watu 15 hadi 30. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 na umeenea hapa kwetu. Wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa 1 hadi 5, anaweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake, na baada ya miezi 9 hadi 12 wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Utakutana na mama lishe, bodaboda, fundi cherehani, wote mnaketi duara moja wiki baada ya wiki. Kwa mazoea, hapo pametosha.

Panapofikirisha ni mgawo. Mfano: hisa ni shilingi 5,000, kikundi kimeuza hisa 1,840, na sandukuni siku ya mwisho kuna 10,672,000. Gawanya, unapata 5,800 kwa hisa. Mwenye hisa 90 anachukua 522,000. Inaonekana rahisi, sasa angalia inavyoharibika. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, umechanganywa na fedha za mikopo, kwa hiyo thamani ya hisa imepanda kwa uongo. Au mikopo mitatu haijarejeshwa, na mgawo unafanywa kwa fedha zilizo kwenye daftari badala ya zilizo mkononi. Wa mwisho kwenye foleni anakuta sanduku tupu. Dawa ni kuacha mapema kutoa mikopo mipya, ili ya mwisho irudi kabla ya mgawo. Anayeshindwa kulipa, deni linakatwa kwenye hisa zake kwanza, kabla ya kupiga hesabu ya wengine.

Kazi yako iwe kumfundisha katibu na wahesabu fedha, basi. Usishike ufunguo. Usiguse noti. Usiandike kwenye kitabu cha mwanachama hata wakikubembeleza. Siku shilingi 20,000 ikipotea, mgeni ndiye wa kwanza kutazamwa, na katibu asiyeandika mwenyewe hajifunzi.

Kalamu Njema
Naongeza moja kwa siku za mvua: Wikipedia ya Kiswahili. Makala nyingi za kata ni fupi mno, na nyingine zilibaki na takwimu za sensa ya 2012 wakati ya 2022 imeshachapishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mtu wa leja ataipenda. Badilisha namba, weka chanzo palepale, andika kwenye muhtasari wa uhariri ulichobadilisha. Usibandike tafsiri ya mashine. Sentensi zake hazieleweki na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, huzifuta. Ila kwa upande wa watu ni dhaifu, isipokuwa ukiungana na wahariri wanaokutana ana kwa ana.

Mzee wa Leja
Marahaba wanangu, nashukuru sana. Hili la vikundi limenigusa. Lakini nikitokea tu na miwani yangu si wataona nimekuja kuwakagua? Naanza kwa nani?

Mama Sanduku
Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na usajili unapita halmashauri, kwa hiyo yeye anavijua. Nenda na nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mwombe akutambulishe kwa vikundi viwili, sio kimoja, ili uwe na pa kulinganisha. Waulize siku ya kikao kabla hujakubali, vingi hukutana jioni.

Vikao vitatu vya kwanza kaa kimya kabisa. Usitoe kalamu. Wakizoea sura yako, mwombe mwenyekiti dakika 15 mwisho wa kikao mfanye mgawo wa mazoezi: punje za mahindi ziwe hisa, karatasi ziwe noti, na mikopo miwili ya kubuni ambayo haijalipwa. Waache wabishane wenyewe kwanza. Ukiwapa jibu mapema utakuwa mkaguzi kweli.

Fundi Ramani
Na mzee, taasisi yoyote ikikutaka ulipe "ada ya kujitolea" kabla hujawaona wakifanya kazi, ondoka. Ukikubaliana na kikundi, sema wazi: Jumamosi asubuhi, muda wa saa mbili tu, kwa miezi mitatu, halafu mnaangalia upya. Ukiacha muda wazi utajikuta umekuwa katibu.

Mama Sanduku
Kweli kabisa. Na Excel iache nyumbani mwanzoni. Tumia daftari lile lile wanalotumia wao na kikokotoo cha kawaida, maana siku usipokuwepo ndivyo vitakavyobaki mezani.